Maswali Yenu: Filimbi, Kibendera na Njia ya Mwamuzi wa Soka Kusini

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka Newala hadi Kilwa, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kijana anayetaka kuwa mwamuzi aanzie wapi, na akishaanza afanye nini ili asiishie njiani. Tumezijibu tukiwa na Sheria 17 za mchezo mkononi na viwanja vyetu vya mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, machoni.

"Shikamooni. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, naishi Newala. Napenda uamuzi kuliko kucheza. Nianzie wapi? Ni lazima niwe nimecheza ligi?"

Marahaba mwanetu. Si lazima uwe umecheza ligi. Aliyecheza ana faida ya kuhisi faulo kabla haijatokea, lakini hata yeye hukaa darasani sawa na wewe.

Mlango wako ni chama cha waamuzi cha wilaya. Waamuzi wa Tanzania wana chama chao, FRAT, na soka la mikoa husimamiwa na vyama vya MTWAREFA kwa Mtwara na LIREFA kwa Lindi, vyote chini ya TFF, shirikisho la soka la taifa. Usihangaike kutafuta ofisi. Nenda uwanjani siku ya mechi ya ligi ya wilaya, subiri mchezo uishe, waamuzi wakishakunywa maji waulize kozi ya awali itakuwa lini na nani anaandikisha. Kabla ya mechi usiwasogelee, maana vichwa vyao viko kwenye kazi.

Kozi ina sehemu tatu: sheria darasani, vitendo uwanjani, na mbio. Ukifaulu unaanzia daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza, na kila ngazi ina mtihani wake na mechi za kuonekana. Juu kabisa kuna beji ya FIFA. Mwamuzi wa kati hapewi kabla ya kufikisha miaka 25, na orodha yake hupitiwa upya kila mwaka. Kwa hiyo ukianza sasa una muda wa kutosha. Wanaochelewa ni wale wanaogundua filimbi wakiwa na miaka 33.

Wakati unasubiri kozi, soma kwanza Sheria ya 5 (mwamuzi), ya 11 (kuotea) na ya 12 (faulo na utovu wa nidhamu). Kila unaposoma kosa, jiulize: mchezo unaanzaje tena? Hapo ndipo wengi huanguka kwenye mtihani wa maandishi. Kipa akidaka kwa mikono pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake, ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na kadi haitoki. Mchezaji akirusha mpira kwa mikono ukaingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani bila kuguswa, ni golikiki. Ukiingia kwenye goli lake mwenyewe, ni kona. Andika mifano thelathini ya namna hiyo kwenye daftari, funika majibu, jipime.

Vifaa: filimbi mbili (moja ikijaa mate au mchanga unayo ya pili), saa mbili, moja inayokwenda bila kusimamishwa na nyingine ya kusimamisha, sarafu, kadi, daftari dogo, na jezi mbili za rangi tofauti ili usifanane na timu yoyote. Chukua penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu kwa joto la huku karatasi hulowa jasho dakika ya ishirini na wino hauandiki tena. Kadi ya njano iweke mfuko wa kifuani, nyekundu mfuko wa bukta. Zikikaa pamoja, siku moja mkono utatoa isiyo yako mbele ya watu wote.

"Nimefeli mbio mara ya pili. Nakimbia kilomita tano kila asubuhi barabara ya Mikindani, pumzi ninayo. Tatizo liko wapi?"

Tatizo liko kwenye aina ya mbio. Kilomita tano za mwendo mmoja zinakufundisha mwendo mmoja. Mtihani unataka kitu kingine.

Kwa kiwango cha kimataifa, mwamuzi wa kati mwanamume hukimbia mita 40 mara sita, kila mara ndani ya sekunde 6.0, akipumzika sekunde 60 kati ya mbio na mbio. Anaanzia mita 1.5 nyuma ya mstari. Akikosa mara moja hupewa mbio ya saba, akikosa mara mbili amefeli. Baada ya mapumziko ya dakika sita hadi nane inakuja sehemu ya pili: mita 75 ndani ya sekunde 15, kisha mita 25 za kutembea ndani ya sekunde 18, mara 40 bila kukatisha. Hizo ni raundi kumi za uwanja wa riadha, yaani mita 4,000. Madaraja ya chini hupewa muda mrefu kidogo, ila umbo la mtihani ni lilelile.

Wengi hawafelishwi na pumzi. Wanaumia msuli wa nyuma ya paja kwenye mbio ya nne au ya tano, au wanachelewa kwenye zile mita 25 za kutembea kwa sababu wamezoea kusimama wakihema. Panga wiki yako hivi: siku mbili za mbio fupi, siku moja ya raundi, siku moja ya nguvu za miguu, zilizobaki upumzike au utembee. Kwenye mbio fupi, anza na mita 40 mara nne kwa asilimia themanini ya nguvu zako, na ongeza mbio moja kila wiki. Kwenye raundi, anza na raundi nne za 75 na 25, ongeza moja kila wiki mpaka ufike kumi na mbili. Anayeweza kumi na mbili mazoezini hatishwi na kumi mbele ya mkufunzi.

Pima kwa futi kamba. Hatua za mguu hudanganya, na mita 38 zinazoitwa 40 ndizo zinazomfanya mtu ajione yuko vizuri mpaka siku ya aibu. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa nguvu za kifundo, lakini usiutumie kwa mbio za kasi, maana mguu unazama na mwendo unaharibika. Tafuta uwanja wa shule wenye ardhi ngumu, uwe umemaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga waweke mazoezi mazito baada ya futari ikishatulia tumboni, na mchana wabaki na kunyoosha viungo tu.

"Sisi ni kamati ya mashindano ya kijiji, Tandahimba. Kila mwaka tunagombana kuhusu penalti: wengine wanasema iko karibu, wengine mbali. Tunahesabu hatua kumi na mbili. Kuna njia bora?"

Ipo, na gharama yake ni kamba moja. Hatua kumi na mbili za mtu mrefu ni mita kumi na mbili na zaidi, za mtu mfupi hazifiki kumi. Sheria inasema mita 11 kutoka mstari wa goli.

Nunueni kamba ya manila isiyovutika, urefu wa mita 20. Mwanzo wake ufungeni kwenye kijiti. Kutoka hapo pigeni fundo kwenye mita 5.5, 9.15, 11 na 16.5, na kila fundo mlitie kitambaa cha rangi yake. Kwa kamba hiyo hiyo mnapata eneo dogo la goli, duara la kati, alama ya penalti na eneo la penalti. Kosa tunaloliona kila mahali ni kuanza kupima mita 16.5 kutoka katikati ya goli. Anzeni upande wa ndani wa nguzo, mwende nje mita 16.5 kwenye mstari wa goli, kisha mwingie uwanjani mita 16.5. Ili kuhakiki, upana wa eneo lote la penalti kwenye mstari wa goli uwe mita 40.32, na wa eneo dogo mita 18.32. Ikitofautiana, mmekosea mahali.

Pembe za uwanja nazo hupinda sana vijijini. Tumieni 3, 4 na 5: kutoka kwenye kona pimeni mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, kona yenu imenyooka. Goli liwe na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 hadi chini ya mtambaa wa panya. Mtambaa ukivunjika katikati ya mchezo, mwamuzi anasimamisha mpaka utengenezwe. Kamba haikubaliki mahali pake, kwa kuwa inalegea na hakuna anayeweza kusema mpira umepita juu au chini.

Mistari isizidi sentimita 12 na ilingane na unene wa nguzo. Watu wa mchangani hupenda kuchimba mfereji ili mstari usifutike. Msifanye hivyo, kifundo cha mguu kinavunjika humo. Pigeni chokaa iliyokwisha kuzimwa, na mkikosa, majivu yanatosha kwa siku moja. Mwamuzi naye afike saa moja kabla na kamba yake mwenyewe mfukoni. Akiona alama imekosewa, isahihishwe timu zote mbili zikishuhudia kabla ya mchezo, kwani baada ya penalti kupigwa hakuna atakayemwelewa.

"Mimi ni binti wa Lindi mjini. Wanasema mwanamke atachezesha mechi za wanawake tu. Kweli?"

Si kweli, dada. Jonesia Rukyaa, Mtanzania aliyepata beji ya FIFA, amechezesha mechi ya Simba na Yanga, na hakuna mechi nzito kuliko hiyo katika nchi hii. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kusimama katikati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Januari 2022, na mwaka huohuo aliitwa kwenye Kombe la Dunia la Qatar. Sharti la kupangiwa mechi za wanaume ni kufaulu mbio za kiwango cha wanaume, basi. Fanyia mazoezi muda huo tangu mwanzo.

Umeuliza pia kuhusu wasichana wanaovaa hijabu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tangu 2014 sheria inaruhusu mchezaji kufunika kichwa. Vazi liwe jeusi au la rangi kuu ya jezi, lishike kichwa vizuri, lisishonewe kwenye jezi, wala lisiwe na pini. Pini ndiyo ya kukagua. Mwombe aitoe kwa heshima, kabla hajaingia.

"Nashika kibendera ligi ya mkoa, Ruangwa. Nalaumiwa kwamba nanyanyua kuotea mapema, na mara nyingine nimekosea kweli. Nirekebishe nini?"

Miguu kwanza, macho baadaye. Mahali pako ni usawa wa beki wa pili kutoka mwisho, au mpira ukiwa karibu zaidi na mstari wa goli, usawa wa mpira. Ukiwa mita mbili nyuma ya usawa huo, mshambuliaji aliye upande wa mbali ataonekana amezidi wakati yuko sawa au kinyume chake, kwa sababu unatazama kwa mshazari. Halafu kuna kasi. Mshambuliaji anaingia mita saba kwa sekunde, beki anatoka mita tatu kwa sekunde. Wanapishana mita kumi kila sekunde. Ukichelewa sehemu ya tano ya sekunde kugeuza jicho kutoka kwa mpigaji hadi kwenye mstari, picha imeshabadilika kwa mita mbili.

Ndiyo maana washika vibendera wazuri hutembea kwa ubavu, uso ukiwa uwanjani, na sikio likisaidia: wanasikia mguu ukigonga mpira huku macho yamebaki kwenye mstari. Jizoeze hilo na wenzako wanne: mmoja apige, wawili wapishane, wewe useme "sawa" au "amezidi", na mtu wa nne arekodi kwa simu akiwa kwenye usawa.

Kuhusu kunyanyua mapema: kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa. Subiri uone nani anaucheza mpira au anamzuia mpinzani kuucheza. Aliyezidi akiuacha, na mwenzake aliyekuwa sawa akaukimbilia na kuufikia, mchezo unaendelea. Sekunde mbili za subira zitazomewa na jukwaa, nawe zivumilie. Kumbuka pia kwamba hakuna kuotea mpira ukitoka moja kwa moja kwenye golikiki, kona au kurusha. Mikono ya mshambuliaji, kuanzia usawa wa chini ya kwapa, haihesabiwi, na ya kipa pia.

"Msimu wa korosho ndondo zinakuwa nyingi, zawadi ng'ombe, na watu wana hela. Mwaka jana mashabiki waliingia uwanjani, mwenzetu akapigwa, na posho hatukulipwa. Tufanyeje?" (Waamuzi wawili, Masasi)

Poleni sana. Tunalijibu hili kwa urefu kwa sababu linaua vipaji vingi kuliko mbio.

Msichezeshe shindano ambalo chama chenu cha wilaya hakilijui. Mwandaaji aombe waamuzi kwa barua, chama kiwapangie. Likitokea baya, kuna mahali pa kupeleka taarifa na mtu wa kudai. Posho iandikwe kiasi na siku ya kulipwa, na kwa ndondo tunashauri ilipwe mkononi mwa kiongozi wa waamuzi kabla ya mpira kuanza. Nauli ya bodaboda iwe humo. Msipande pikipiki ya timu yoyote wala kula chakula nyumbani kwa kiongozi wa timu, hata kama njaa inauma na nia yake ni njema. Mtu akija na bahasha, ikataeni mbele ya shahidi, mwambieni kamisaa wa mchezo kabla ya filimbi ya kwanza, na muiandike kwenye ripoti.

Kagueni njia ya kutokea. Uwanja usio na kamba wala uzio unahitaji watu wa ulinzi wanaojulikana, angalau upande wa mashabiki wengi. Mkifika hawapo, mpira usianze. Kauli hiyo isemwe kwa upole, mapema, mbele ya viongozi wa timu zote mbili.

Vurugu ikianza kati ya wachezaji, asiingie katikati kila mwamuzi. Wa kati apige filimbi kwa nguvu na ajaribu kuwatenganisha wawili wa kwanza, washika vibendera warudi nyuma hatua kumi na waandike namba. Watatu wakiangalia mguu mmoja, aliyepiga ngumi nyuma yao hapatikani tena. Mashabiki wakiingia, jikusanyeni pamoja, simameni kwenye duara la kati mbali na vyumba, subirini ulinzi. Usalama usiporudi kwa muda unaofaa, mchezo unavunjwa. Mwamuzi hampi mtu ushindi. Kazi yake inaishia kwenye kuvunja na kueleza, na kamati ya mashindano ndiyo inayoamua pointi.

Ripoti ndiyo silaha yenu. Iandikeni siku hiyohiyo, kila mmoja yake, kisha mlinganishe dakika na namba tu. Andikeni mlichokiona, acheni mnachodhani. "Mchezaji namba 8 alikuwa mkorofi mchezo mzima" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Dakika ya 63, mpira ukiwa umetoka nje, namba 8 wa timu A alimpiga namba 5 wa timu B ngumi moja usoni. Nilikuwa umbali wa mita nane hivi, hakuna aliyenikinga. Nilimwonyesha kadi nyekundu. Mchezo ulianza tena kwa mpira wa kurusha." Kamati ikisoma maneno hayo haina pa kuchomokea. Aliyepigwa aende polisi apate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali siku hiyo. Majeraha yanapona, na bila karatasi shauri nalo linakufa.

Tuseme pia wazi: posho za ngazi ya wilaya haziendeshi nyumba. Mwamuzi anayetegemea filimbi peke yake ndiye rahisi kununuliwa. Endeleeni na mashamba, ualimu, duka, chochote mlicho nacho, na ratiba ya uamuzi izunguke hapo.

"Kaka yangu anasoma Ireland. Ameombwa asaidie kusimamia mpira wa Gaelic kwa sababu alikuwa refa Mtwara. Atauweza?"

Filimbi na ujasiri atavikuta vilevile, sheria atajifunza upya. Mchezo huo unasimamiwa na GAA, chama cha michezo ya asili ya Ireland kilichoanzishwa 1884. Kila timu ina watu 15, mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na mchezaji haruhusiwi kupita hatua nne bila kuudunda au kujipigia kwa mguu. Mpira ukiingia chini ya mtambaa ni goli la pointi tatu. Ukipita juu yake kati ya nguzo ni pointi moja, na tangu 2025 ni pointi mbili ukipigwa kutoka nje ya tao la mita 40.

Huenda ameombwa asimame golini. Kila goli lina watu wawili wa koti jeupe wanaopandisha bendera ya kijani kwa goli, nyeupe kwa pointi, na ya chungwa kwa pointi mbili. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Kadi ziko tatu: njano, nyekundu, na nyeusi inayomtoa mtu dakika kumi. Anayembishia mwamuzi, adhabu inasogezwa mbele mita 50, na hilo hunyamazisha midomo haraka. Mechi za klabu kwa kawaida ni dakika 60, za kaunti 70. Waamuzi hawalipwi mshahara, hurudishiwa gharama tu, hivyo aende kwa mapenzi.

"Mimi kipa, Nachingwea. Refa amenipa adhabu ya kona nikiwa nimeshika mpira mikononi. Sijawahi kuona. Alikosea?"

Hakukosea. Tangu Julai 2025 kipa akiushikilia mpira kwa mikono zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, upande ulio karibu na aliposimama. Zamani ilikuwa sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo, ambao waamuzi waliona uzito kuutoa. Hesabu inaanza ukishaumiliki mpira kabisa, na sekunde tano za mwisho refa anainua mkono na kuzihesabu kwa vidole ili uone. Mtazame. Mshambuliaji akikusimamia mbele usiweze kuutoa, kosa ni lake, nanyi mnapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.